Mwalimu wa Bei

Kwenye kitambulisho chake cha chuo mwanamke huyu aliandikwa mhadhiri wa uchumi wa kilimo, lakini Mji wa Kale haukuwa na nafasi ya jina refu namna ile. Alipokuja kukodi ghorofa ya juu ya nyumba moja iliyo kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, bibi mwenye nyumba alimuuliza anafundisha nini. Akaeleza. Akaeleza tena kwa kirefu, kwamba yeye huchunguza kwa nini mkulima anauza embe kwa bei hii na mlaji anainunua kwa bei ile, na hapo katikati ni nani anayefaidi. Bibi alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe wafundisha bei." Hapo jina likapatikana, na tangu siku hiyo mgeni akija kumuulizia mhadhiri fulani wa chuo fulani, watoto wa mtaa walimwambia hakai mtu kama huyo hapa, labda kama anamtaka Mwalimu wa Bei.

Alikozaliwa na wazazi wake walikuwa nani sitasema, kwa sababu mwenyewe hakuwa na hamu ya kusema. Tulijua ametoka kwenye vilima vya huko nyuma ya pwani, kwamba Jumapili hakosi kanisani, na kwamba samaki hali. Mtu akae kisiwani na samaki asile! Majirani walidhani anaona haya. Wakawa wanamletea changu wa kupaka na nguru wa kukaanga, naye anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anangoja aliyeleta afike chini ya ngazi, kisha anampa Wanjala. Wanjala alikuwa mwanafunzi mwenzangu kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye njaa ya kudumu, na naamini ndiye mtu pekee aliyewahi kunenepa kwa sababu ya uchumi wa kilimo.

Sahani za watu hakuzirudisha tupu. Hilo alilishika mapema kuliko wageni wengi. Mwezi wa Ramadhani futari zilipanda ngazi zetu kila magharibi, na kesho yake sahani zilishuka na maharagwe ya kwao, au ndizi mbivu, au hata sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Mchana wa mwezi huo hakula mbele yetu hata mara moja. Alijifungia stoo na chupa yake ya chai, na tukimsikia anakohoa tulijua andazi limempalia.

Sasa nieleze hapo juu palikuwa na nini. Idara yenyewe ya uchumi wa kilimo ilikuwa bara, kwenye kampasi kubwa yenye nyasi zilizofyekwa na mabango ya kukataza watu kuzikanyaga. Sisi tulikuwa kitengo chake cha pwani: vyumba viwili, ubao, mabenchi, mashine ya kupiga chapa iliyokosa herufi moja, na mizani. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliochagua kusomea masoko ya mazao waliletwa huku. Katikati ya juma tulisoma na kukusanya bei za sokoni, na Jumamosi alasiri vyumba viliachiwa wauzaji wa mboga na wakulima waliotaka kusoma bure. Mwalimu wa kudumu alikuwa yeye peke yake, na umri wake ulikuwa unakwenda. Mkuu wa Idara alishasema wazi kwamba kitengo kitaishi maadamu yeye yupo. Siku atakapostaafu bila kuacha mtu wa kushika nafasi yake, milango itafungwa na mizani itarudishwa bara. Sote tulilijua hilo, kama watu wa nyumba moja wanavyojua ugonjwa wa mzee wao. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kuona kitengo kile kinaendelea baada yake. Lakini hakuwahi kumwomba mtu yeyote abaki.

Mimi nilizaliwa hapo hapo Mji wa Kale, nikaenda bara kusoma, na mwaka wa mwisho nikajikuta nimerudishwa mtaani kwetu. Mama alifurahi. Mimi nilinuna, maana mtu haendi chuo kikuu ili arudi kutumwa mkate na mama yake.

Somo lake la kwanza kubwa lilitokana na aibu yetu. Muhula ule mvua kubwa zilikata barabara ya Nairobi, malori yakalala njiani na shehena zikaozea humo. Sisi tulikuwa tunakwenda soko la Majengo kuandika bei za nyanya, bilingani na mabamia, na mwisho wa muhula Wanjala akasimama mbele ya ubao na chaki yake. Akachora mstari wa bei ya nyanya. Ulikuwa umenyooka tangu mwanzo mpaka mwisho. "Kwa hivyo, Mwalimu," akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, "bei ya nyanya Majengo haikupanda wala kushuka."

Mwalimu alimtazama. Akatutazama na sisi. Halafu akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kimyakimya kilichoanzia mabegani, akavua miwani akajifuta macho.

"Barabara imekatika," alisema alipoweza. "Lori la nyanya limekwama njiani mpaka dereva ameota ndevu. Na nyanya hazijapanda bei! Wanangu, Mombasa tumeshukiwa na muujiza. Vaeni viatu."

Akatushusha ngazi mpaka Majengo, mpaka kwenye meza ya Bi Saada, mama mpana wa maneno na wa mwili, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimsumbua siku zote kwa maswali. Nyanya zilikuwa zimepangwa mafungu kama kawaida, moja juu ya nyingine. Mwalimu akaulizia bei ya fungu, na kweli ilikuwa ile ile tuliyoiandika. Akageuka. "Fungu hili lina nyanya ngapi?" Tukahesabu, zilikuwa tatu, na moja imebonyea. "Na muhula ulipoanza zilikuwa ngapi?" Hakuna aliyekuwa amehesabu.

"Bei imesimama," akasema. "Fungu ndilo linalotembea."

Maneno hayo nimeyasikia tangu wakati huo kwa watu wasiomjua hata kidogo, na kila nikiyasikia nafurahi. Tangu siku hiyo hatukuandika bei bila mizani. Tulinunua fungu zima, tukalipima, na baada ya kulipima hatukuwa na la kufanya nalo ila kulipika. Kwa hiyo Alhamisi kila mtu wa kichochoro kile alijua wanafunzi wa Mwalimu wa Bei wamemaliza hesabu, kwa harufu ya bamia. Idara bara walipouliza vielelezo vya utafiti vinahifadhiwa wapi, aliwajibu kwa simu, mbele yetu sote, "Vimehifadhiwa vizuri sana. Kijana mmoja ameongeza navyo kilo nne."

Idara haikupendezwa na mafungu. Kule juu walisema fungu si kipimo, kwamba takwimu safi ni zile za kilo, na kwamba akitaka kupanda cheo aandike habari za wauzaji wa jumla wenye mizani zao. Mwalimu alikubali kwamba fungu si kipimo. "Lakini ndilo linaloingia kwenye kikapu," alisema. Akaendelea na mafungu yake, na cheo kikaendelea kumpita.

Tulipodhani tumeshaelewa, likazuka jambo la nyongeza. Tuligundua kwamba mimi na Wanjala tukinunua fungu la bei moja, kwa mtu mmoja, saa hiyo hiyo, langu ni zito zaidi. Wanjala aliona ni ukabila akataka kuliandikia sura nzima. Mwalimu akasema haya, twende, tukasimama kando tukamtazama Wanjala ananunua.

"Mama, nyanya pesa ngapi?" akasema Wanjala.

Bi Saada akaendelea kufuta bilingani zake kwa ncha ya leso. "Sabalkheri," akasema, bila kumwangalia.

"Sabalkheri. Pesa ngapi?"

"Waamkaje?"

"Poa. Hizi hapa ni pesa ngapi?"

"Nyumbani hawajambo? Wazee wako huko bara?"

"Wako tu." Alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Bi Saada akampa fungu lake, nyanya kwa nyanya, wala kitunguu cha kuonea huruma hakikuongezwa.

Kisha nikatumwa mimi. Nilianza kwa kumwamkia, nikauliza goti lake, nikaulizia binti yake aliyejifungua, akaniuliza mama yangu, akaniuliza kwa nini nimekonda, na mazungumzo yalipokwisha nilikuwa na fungu langu, nyanya mbili juu yake, na pilipili ambazo sikuziomba. Nikarudi nimevimba kichwa. Mwalimu akanitazama vile vile alivyomtazama Wanjala siku ya mstari.

"Wewe ndiye mbaya zaidi," akaniambia. "Usinunue tena kwa ajili ya utafiti. Wewe huna bei, una ukoo."

Mwezi mzima wanafunzi kutoka bara walifundishwa salamu kabla ya takwimu, na mimi ndiye nikawa mwalimu wao, adhabu yangu hiyo. Mwalimu alishikilia kwamba salamu ni sehemu ya bei. Anayeharakisha kusalimu analipa kwa nyanya, anayesalimu vizuri analipa kwa muda, na kazi ya mchumi ni kujua kipi kimegharimu nini. Wanjala alijifunza. Alijifunza hata akapita mpaka, akawa anawaulizia kina mama mpaka habari za mbuzi wao, na kufikia mwisho wa mwaka Bi Saada alikuwa akimwita mkwe wangu na kumfungia mchicha wa bure. Mwalimu akampiga marufuku na yeye.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyompandisha hasira. La kwanza ni neno "kadhalika". Ukiandika kwamba wakulima wanalima mihogo, minazi, mikorosho na kadhalika, alizungushia neno lile wino mwekundu na kuuliza pembeni, "Huyu Kadhalika ni nani? Shamba lake liko wapi?" La pili ni methali. Si zote, moja tu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliichukia kwa dhati. Alikuwa ameona embe nzuri kuliko zote za pwani zikiozea chini ya miti kwa sababu barabara haipitiki, na embe mbaya zikiuzwa kwa bei ya dhahabu mjini kwa sababu zilibahatika kupata lori. Kwenye darasa la Jumamosi mtu akiitaja, hata kwa mzaha, somo la siku hiyo lilibadilika. Wanawake walilijua hilo. Wakichoka na hesabu, mmoja wao aliitaja makusudi, na Mwalimu alikwenda nayo mpaka alasiri ikaisha.

Darasa lile lilikuwa raha yake. Alifundisha mambo yale yale tuliyofundishwa sisi, ila bila majina yake makubwa. Mimi niliusoma unyumbufu wa mahitaji, yaani jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei ikibadilika, kwenye kitabu kinene na sikuuelewa. Niliuelewa Jumamosi moja nilipokuwa nafuta ubao, nikamsikia anawaambia, "Chumvi ikipanda bei, utanunua huku unalaani. Embe zikipanda bei, utasema kwetu watu hawapendi embe." Wakacheka wote, na mmoja akasema mumewe ni embe kwa kweli, akipanda bei watu watasema hawampendi.

Hapo ndipo lilipoanzia lile jambo la ubao wa nje. Wakulima walioshusha mazao kisiwani walilalamika kwamba madalali huwaambia bei ya kubuni, nao hawana pa kuulizia. Mwalimu akanunua ubao mdogo, akautundika kwenye ukuta wa nyumba, juu ya baraza, na kila siku ya soko tuliandika kwa chaki bei za kilo za masoko yote ya mjini. Watu walianza kupita kusoma. Tukafurahi. Kisha asubuhi moja tukaukuta umefutwa. Tukaandika tena, ukafutwa tena, kwa kitambaa kibichi, vizuri kabisa, kama sakafu ya msikitini.

Sote tulijua ni madalali. Wanjala alitaka tukaripoti polisi. Mimi nilikuwa na majina kabisa ya watu niliowashuku. Mwalimu akasema tungoje, na akakaa na chai yake kwenye ngazi za ndani baada ya alfajiri, mlango umeachwa wazi kidogo. Aliyetoka na kitambaa alikuwa bibi mwenye nyumba.

"Bibi," Mwalimu akamwambia kwa adabu, "ubao wetu umekukosea nini?"

"Ndoo hapa unieleze wewe," bibi akasema. "Ni nani auzae nyumba yangu nami ningali hai?"

Kumbe watu wawili wameshamwendea, wa heshima zao, kuulizia. Walipita wakaona ubao wa bei umetundikwa ukutani wakadhani nyumba ya marehemu mumewe iko sokoni, na mmoja alishaanza kusema ni ghali. Ndugu zake wa Lamu nao wamesikia wamekasirika. Bibi hakutaka kumvunjia mpangaji wake heshima kwa kumsema, kwa hiyo akawa anaufuta tu kimya kimya na kuomba Mungu amwongoze.

Mwalimu aliomba radhi mpaka bibi akamwambia yatosha. Kisha akapanda juu, akarudi na chaki, na kwenye ukingo wa juu wa ubao akaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA HAIUZWI. ZINAZOUZWA NI NYANYA. Mstari huo haukufutwa tena kamwe, na mwenye nyumba alikuwa akiwasomea wageni wake kwa fahari.

Labda sasa mtu atadhani alikuwa mjanja wa sokoni. Wapi! Yeye mwenyewe hakujua kununua. Mwanamke aliyeweza kukwambia bei ya nazi kijijini, njiani na mjini, alilipa kila alichotajiwa bila kufungua mdomo. Alikuwa anatoka soko la Marikiti amebeba leso ambayo mama yangu angeipata kwa nusu. Nikimwuliza mbona hukupatana, alisema, "Naona haya." Alisema hivyo tu, mtu mzima na shahada zake tatu. Mwisho wauzaji wenyewe walimwonea imani, wakawa wanamtajia bei ya kweli toka mwanzo. Bi Saada aliwatangazia wenzake kwamba atakayempunja Mwalimu wa Bei atagombana na yeye, na biashara haigombi lakini yeye anagomba.

Nadhani haya hiyo ndiyo iliyomfanya asiweze kuomba. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona tu kwamba kila mwaka mwanafunzi mzuri kupita wote aliondoka, naye akamsherehekea. Alimtuma mtu dukani kwa halua, na kahawa ikapikwa, akasimama akatoa hotuba fupi ya kumtakia heri huko aendako. Wanjala alipata kazi Nairobi, kwenye shirika kubwa. Alikula halua ya kwaheri peke yake karibu sahani nzima huku machozi yanamtoka, na Mwalimu akamsukumia na sahani ya pili.

Mkuu wa Idara alikuja mwaka ule wetu kukagua. Alikuwa mtu mwema, mwenye suti nzito isiyofaa kwa joto letu. Alikaa kwenye benchi la nyuma akasikiliza somo, akajifuta jasho, na mwisho akazungumza mbele yetu bila kuficha. Alisema nafasi ya uprofesa iko wazi kampasi kuu, na wote wanamtaka yeye. Nyumba ipo, maktaba ipo, wanafunzi wa shahada za juu wapo.

"Na hapa?" Mwalimu akauliza.

"Hapa tutafunga. Huwezi kuwa sehemu mbili."

"Basi nipo hapa."

Mkuu akapumua. "Dada yangu, utastaafu siku moja. Nipe mtu. Mwenye shahada ya pili na anayekubali kukaa Mombasa kwa mshahara wetu. Nikimpata huyo, kitengo hakifungwi. Nisipompata, sitaweza kukutetea."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa kesho kuna mvua. Sisi wenye ndoto zetu za Nairobi, kila mmoja akatazama dirishani.

Mimi nilikwenda bara kwa shahada ya pili, nikairudia Mombasa, nikapata kazi Mbaraki kwenye kampuni inayosafirisha majani ya chai ng'ambo. Mwalimu ndiye aliyenisemea kwa wakubwa wa kule. Alininunulia halua na mimi, akatoa hotuba. Nilipata ofisi yenye kipoza hewa na mshahara uliomfanya mama aanze kusalimiwa na watu waliokuwa hawamjui. Bei zilitufikia kwa mashine ya faksi kutoka miji ya mbali, nasi tukazirudisha nyingine kwa mashine hiyo hiyo. Sikuwa na la kulalamikia. Ila katika miaka yote niliyokaa pale sikumwona mtu hata mmoja anayeuza chai wala anayeinunua, na nilikuwa nimezoea kuwaona.

Niliendelea kumtembelea. Miaka ya tisini ilikuwa inakatika nilipopanda ngazi zile Jumamosi moja baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa nimesikia kwamba anastaafu mwisho wa mwezi, nikaenda kumuaga kabla wageni hawajawa wengi. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la mbao katikati ya chumba, amezungukwa na vitabu vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amezeeka. Miguu ilikuwa imemvimba kidogo, na viatu amevivua.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo, hicho kiti bado hakijarudi serikalini."

Tulizungumza ya nyumbani, ya mama, ya bibi mwenye nyumba ambaye sasa alikuwa haoni vizuri. Kisha nikauliza lile lililokuwa moyoni.

"Wamepiga simu tena juzi," akasema. "Wakauliza kama nina mtu. Nimewaambia sina. Lori linakuja wiki ijayo kuchukua vitu."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa anafungua na kufunga fundo moja la kamba ambalo lilishafungwa vizuri.

"Mbona mimi hukuniuliza?"

"Wewe una kazi nzuri."

"Hukuniuliza, Mwalimu."

"Nikuulize nini?" Akaniangalia juu ya miwani. "Maisha yangu yote nimesimama hapo nikiwafundisha kwamba mtu mwenye akili timamu haachi kikubwa akafuata kidogo. Mmeelewa, mmefaulu mtihani, mmekwenda kwenye kikubwa. Halafu nije mlangoni kwako nikwambie uache? Kwa uso gani?"

Naapa sikupanda ngazi zile nikiwa na neno hilo. Nilikuja kuaga. Lakini nilimwona pale juu ya sanduku, na nikaona benchi ambazo wiki ijayo zitakuwa kwenye lori, na kinywa changu kikatangulia.

"Wapigie uwaambie unaye."

 Nje muuza kahawa alikuwa anapita akigonganisha vikombe vyake.

"Mshahara wa hapa unaujua?" akauliza.

"Naujua."

"Ni robo ya ule wa kule."

"Haifiki robo."

"Mama yako atasema nini?"

"Atasema nimerogwa, na atamtaja aliyeniroga."

Akavua miwani. Nilidhani atacheka, kwa kuwa mabega yalianza kutikisika, lakini machozi ndiyo yaliyokuja, mengi, naye hakujaribu kuyaficha.

"Basi nimekufundisha bure," akasema. "Miaka yote hiyo, bure kabisa. Hukuelewa hata somo moja."

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo, na kusema kweli nilikuwa na furaha kuliko siku niliyopewa ufunguo wa ofisi ya Mbaraki.

Halafu ndara zikasikika kwenye ngazi. Wanawake wa Jumamosi walikuwa wanapanda, Bi Saada mbele, anahema na kulalamikia goti, na nyuma yake wengine na vikapu vyao, kwa darasa walilodhani ni la mwisho. Walisimama mlangoni walipoona vitabu vimefungwa na mwalimu wao ana macho mekundu. Mwalimu akajifuta uso kwa ncha ya leso, akavaa viatu vyake taratibu, kimoja kwanza, kisha cha pili, akasimama.

"Ingieni, ingieni, mbona mnasimama kama mko kwa wageni? Mwalimu wenu ni huyu."

Akanitia chaki mkononi. Kisha akapita katikati yao, akaenda benchi la nyuma, akamwambia Bi Saada asogee kidogo, akaketi, akakunja mikono yake mapajani na kunitazama kama wenzake wote, akingoja nianze.